Mstari wa Wanaume Lamboni

Juzi niliwaona waokoaji ufukweni wameshikana mikono, wakitembea majini polepole kumtafuta kijana aliyezama. Nikalikumbuka lambo la kwetu Sofu, lilivyonuka tope na mavi ya ng'ombe, mchana ule kaka yangu Elia alipokwenda kuogelea asirudi.

Baba na majirani walishikana vivyo hivyo, maji yakiwafika kifuani, wakipapasa chini kwa nyayo. Nilidhani wanacheza.

"Mama, na mimi niingie?"

Mama alinibana kwenye kanga yake, akawa anaita tu, "Elia, mwanangu, itika."

Katikati ya lambo baba alisimama, na mstari wote ukasimama. Nikapiga makofi, nikaona baba ameshinda. Sasa najua mguu wake ulikuwa umemgusa nani.