Mwaridi wa Obita

Obita hakuwa mtu wa kujichosha na maua, na ndiyo maana mwaridi wake ulistawi. Alikuwa polisi, akilinda geti la ofisi moja jijini, mtaa wa Nakasero, na mtunza bustani wa pale ndiye aliyempa kijiti cha mwaridi. Akakichomeka mbele ya chumba alichoishi na mkewe katika kambi ya polisi, basi. Januari, jua likiwaka, alikata matawi makavu na yaliyobanana, akafunika shina kwa nyasi kavu. Kiangazi aliumwagia ndoo moja kwa wiki, asubuhi, chini tu, bila kulowesha majani. Mvua za Machi zikianza, hakuugusa tena. Majirani waliohangaika na maua yao kila siku walikereka kweli kuona wake umejaa mawaridi mekundu.

Akwero, mkewe, alikuwa akimtania kwa uvivu huo. Kisha Machi ugonjwa wa ini ukamuua Obita, na utani ukaisha. Wakubwa wa kambi walimweleza kwa upole kwamba mwisho wa Juni chumba atapewa askari mwingine. Akaazimia jambo moja: akirudi kwao Kitgum atabeba tawi la mwaridi ule, alipande kaburini kwa mumewe.

Akihofia mwaridi usije ukafa kabla ya siku hiyo, akaanza kuutunza. Maji asubuhi, maji jioni, hata mvua ikinyesha. Akanunua mbolea sokoni Nateete, akamwaga kikombe kizima. Zile nyasi kavu akazifagia, maana aliona ni aibu uchafu kukaa mlangoni pa marehemu. Kuuacha tu, kwake, kulikuwa ni kumsahau Obita. Mei majani yakapata madoa meusi, yakageuka manjano, yakapukutika. Akazidisha maji.

Amito, jirani wa chumba cha pili, alishindwa kunyamaza.

"Akwero, hii maua unaipatia maji mingi. Wacha ipumue, jamani."

"Iko na kiu. Huoni inakauka?"

"Si kiu. Mzee alikuwa anaiacha tu, na ilikuwa inakaa muzuri."

Akwero alikasirika, akamnunia siku tatu nzima.

Zikiwa zimebaki siku mbili aondoke, alichukua kisu akaenda kukata tawi lake. Alikwaruza gome kwa ukucha akitafuta ubichi. Tawi la kwanza lilikuwa la kahawia ndani. La pili vilevile. Alikwaruza yote, hadi la mwisho, kisha akafukua shina. Mizizi ilikuwa myeusi, imelainika, inanuka. Akaketi palepale kwenye tope.

Amito alikuja akachuchumaa kando yake.

"Ile wiki ya mwisho," Akwero alisema, "mzee alikuwa anasukuma kikombe ya uji. Anasema, inatosha, Akwero, niache kidogo. Mimi naweka tu kijiko mudomoni. Anameza sababu hataki tugombane."

"Ulikuwa unamupenda."

"Sijauliza hiyo. Nauliza, na yeye nilimusumbua hivi?"

Amito alimfuta tope mikononi kwa kanga yake, kidole kimoja baada ya kingine.

Akwero alifika Kitgum mikono mitupu. Shemeji zake walipoinama kung'oa majani yaliyoanza kuota juu ya kaburi, aliwasihi wayaache. Akaketi pembeni bila kugusa kitu, akalia.