Nahodha Aliyeachwa Angani

Leo nimegombana na rafiki yangu Wafula kuhusu maiti ya mtu ambaye hajawahi kuishi.

Wafula amevunjika mguu, hivyo juzi nilimpelekea kwake mtaani Huruma riwaya mpya ya kisayansi, niliyoichagua kwa fahari: watu wanasafiri kwa chombo kuelekea nyota ya mbali.

Nilitarajia aniulize juu ya mwendo wa chombo.

Leo nimemkuta amefika pale nahodha anapofariki na wenzake kumwachilia angani.

“Wewe msomi, hawa watu hawakuchanga pesa wamrudishe kwao azikwe?”

“Kwao ni mbali mno, bwana!”

“Hata kwetu kijijini ni mbali. Na tukifa tunarudishwa.”

Nikanyoosha mkono nikichukue kitabu. Akakikumbatia.

“Kiache. Lazima watamrudia.”

Mimi nimekimaliza. Hawamrudii.

Ninyi mngemwambia?