Shati Lisilozunguka

Chini ya ngazi za nyumba ya Gramu, kati ya ndoo ya deki na viatu vya mvua, kuna msumari, na kwenye msumari huo inaning'inia simu ya bei ya chini iliyopasuka kioo pembe mbili. Hapo ndipo mtandao wa simu ulipo mbovu kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba. Ndiyo sababu simu inakaa hapo.

Gramu hutengeneza tovuti. Kila ukurasa anaoumaliza hupitia chini ya ngazi kabla haujamfikia mteja. Huchuchumaa, huishika simu mbele ya pua, hubonyeza, kisha huhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Akifika tano na hakuna kilichoonekana, hurudi mezani kuupunguzia ukurasa uzito.

Jina alipewa na mwenye duka la vipodozi wa mtaa huo, aliyemwomba amwekee kwenye tovuti maua yanayodondoka. Hakujibiwa ndiyo wala hapana. Aliulizwa, "Yana uzito gani?" Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Gramu, na mume wake, fundi wa majokofu, humwita hivyo hivyo akiwa na furaha.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alisomea hesabu chuoni, akafundisha miaka sita, akaacha alipogundua kwamba anafurahia zaidi kutengeneza ratiba ya shule kwenye kompyuta kuliko kuifuata. Kazi yake ya sasa inategemea JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa uitikie: kitufe kikibonyezwa kinajibu, fomu ikikosewa inasema, picha inabadilika bila ukurasa mzima kufunguka upya. Wachache huiandika yote wenyewe. Wengi huchukua mabunda ya msimbo ulioandikwa tayari na wengine, yanayoitwa maktaba, kama fundi nguo anavyonunua zipu badala ya kuichonga jino kwa jino. Kuna maktaba kubwa zinazofanya kila kitu, na kuna nyepesi zinazofanya jambo moja au mawili. Gramu ni mtu wa nyepesi.

"Nataka zipu moja," huwaambia wateja. "Wao wananipa kiwanda kizima, halafu mwenye simu ndogo ndiye anayekibeba."

Mteja wake mgumu kuliko wote amekuwa mama yake mzazi.

Mama ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na minane. Ana duka lenye vyerehani vitatu, mafundi wawili wa kike, na benchi mbili ndefu za wazazi. Wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, alikuwa akisimama kutwa nzima na tepu shingoni, akipima mtoto baada ya mtoto, kwa sababu hamwamini mtu mwingine yeyote kupima. Mwaka huu daktari alimtazama magoti, akamwambia achague: akae, au aache kazi.

"Basi naacha," Mama alisema.

"Au ukae," alisema Gramu.

"Nikae, nani apime?"

"Wazazi."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Wazazi hao ninaowajua mimi? Juzi mmoja kaniletea urefu wa mkono, kumbe kapima mguu."

Gramu alikuja na daftari, akakaa dukani alasiri tatu mfululizo akiuliza maswali. Mtoto mwenye kifua cha inchi ishirini na sita, mkono wake unaweza kufika wapi? Unajuaje kwamba mzazi amevuta tepu mno? Huwa unawaambia nini? Majibu yote aliyaandika, hata matusi madogo madogo. Kisha akatengeneza ukurasa mmoja. Mzazi anaandika vipimo, na mchoro wa shati unarefuka au unapanuka hapo hapo kumfuata. Kipimo kisichowezekana, ukurasa unakikataa. Maktaba aliyoitumia ilikuwa na uzito wa kilobaiti kumi na tano.

Mama aliutazama, akakunja mdomo. "Nakupa Jumamosi moja. Wazazi watakaa kwenye benchi, watapima, wataandika kwenye simu zao, na mimi nitakaa kwenye kiti changu. Nikilazimika kusimama kupima mtoto, hata mmoja, nafunga duka. Simalizi msimu mwingine nikijidanganya."

Hakuwa anatania. Mafundi wawili waliacha kukanyaga vyerehani.

Jumatano alitokea mdogo wake Gramu, mchora mabango, mtu mwenye macho mazuri na subira haba. Aliuangalia ukurasa kama mtu aliyeletewa chai ya baridi.

"Dada, hili shati limelala. Limekufa."

"Linapima."

"Lizungushe basi! Mzazi aligeuze kwa kidole, aone mgongo, aone kola. Kuna maktaba inafanya hivyo, nimeiona."

"Uzito gani?"

"Wewe na uzito wako! Kilobaiti mia saba hivi. Ni kwa ajili ya Mama, jamani. Kwa mama yetu unapima gramu?"

Maneno hayo yalimgusa. Ijumaa mchana aliiingiza maktaba ile, na ni kweli, shati lilizunguka vizuri ajabu, kola na vifungo na yote. Alikwenda chini ya ngazi akiwa na uhakika kwamba litashindwa. Akachuchumaa, akabonyeza. Moja, mbili. Likafunguka.

Alirudia mara tatu. Mbili, mbili, mbili. Akashangaa, akafurahi, akauweka ukurasa hewani.

Jumamosi saa tatu asubuhi benchi zote mbili zilijaa. Tepu kumi na mbili zilikuwa zimetandazwa, anwani ya ukurasa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa za mchora mabango. Mama alikaa nyuma ya meza, mikono juu ya mapaja, akiisubiri kompyuta iliyowekwa mbele yake ianze kupokea vipimo.

Haikupokea kitu. Wazazi walipima, wakabonyeza, wakatazama. Kwenye kila simu palikuwa na kiduara cheupe kinachozunguka, na nyuma yake hakuna shati.

"Yangu inafikiria," alisema mama mmoja mwenye mapacha.

"Yangu imemaliza kufikiria, imezima," alijibu jirani yake.

"Bando langu linaliwa hapa, jamani, na sijaona hata kifungo!"

Gramu alichomoa simu ya msumarini kutoka mkobani. Kiduara. Alihesabu mpaka ishirini akaacha. Jana ilikuwa mbili! Ndipo alipoona, juu kabisa ya kioo kilichopasuka, alama ya waifai ikiwa imekatwa mstari: simu ilikuwa inautafuta mtandao wa nyumbani na haiupati. Simu ambayo kwa miaka minne haijawahi kuunganishwa na waifai, kwa makusudi kabisa.

Alimpigia mume wake.

"Umeigusa simu ya chini ya ngazi?"

"Ipi?"

"Baba watoto."

"Mpira wa Jumanne, Gramu. Televisheni walikuwa nayo wanao, simu yangu ilikuwa haina chaji. Nikaiunganisha na waifai dakika tisini tu."

"Uliangalia mpira ukiwa umechuchumaa chini ya ngazi?"

"Nilikalia ndoo."

Alikata simu. Mizani yake ilikuwa imedanganya tangu Jumanne, na yeye aliiamini kwa sababu ilimwambia alichotaka kusikia. Aligeuka na kumwona Mama ameshaweka viganja viwili juu ya ukingo wa meza, kama afanyavyo anapotaka kuinuka. Tepu yake ya zamani ilikuwa tayari shingoni.

"Mama, kaa!"

"Watu wamekuja na watoto wao, mwanangu. Siwezi kuwatazama tu."

"Robo saa."

Mama alitazama saa ya ukutani. Viganja havikuondoka mezani. "Robo saa. Naihesabu."

Gramu alifungua kompyuta yake juu ya rundo la vitambaa vya kaki. Mchora mabango alikuja kusimama nyuma yake, sauti imempungua.

"Dada, shati linalozunguka…"

"Linaondoka."

"Lote?"

"Na kola yake."

Aliitoa maktaba nzito. Akarudisha ile ya kilobaiti kumi na tano pamoja na mchoro wa mwanzo, ule uliolala. Akagundua sehemu mbili zilizokuwa zimeshonwa kwenye ile kubwa, akazifumua moja moja. Mama, kwa upande wake, aliwashughulisha wazazi: huyu wa ngapi, yule kaka yake alimaliza lini, mbona suruali ya mwaka jana mliikata wenyewe. Aliuliza yote hayo bila kuondoa macho kwenye saa.

Dakika ya kumi na tatu Gramu alisema, "Fungueni upya."

Mama wa mapacha ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Huyo! Shati!" Kisha benchi nzima. Mikono ya mashati ilirefuka kwenye vioo, vifua vikapanuka, na kompyuta ya Mama ikaanza kupokea: kifua, mkono, urefu, jina la mtoto. Mama alisoma kila mstari huku akitikisa kichwa polepole, akitafuta kosa. Viganja vilirudi mapajani bila yeye kujua.

Kwenye kona ya benchi, baba mmoja mwenye ovaroli la gereji alikuwa akipambana na tepu na binti yake. Aliandika, akasita, akaisogeza simu karibu, kisha akasoma kwa sauti duka zima likasikia:

"'Sabini? Huyo ni mtoto au pipa? Geuza tepu, usome upande wa inchi.'" Akainua uso. "Mama, simu yangu inanitukana."

Duka liliangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa ameyatambua maneno yake.

"Inasema hivyo? Kwa herufi?"

"Na chini yake imeandika, 'Pole pole, mzazi, shati haliendi popote.'"

"Hebu nione," Mama alisema, na akasimama, tepu ikining'inia shingoni, akaanza kuizunguka meza.

"Kaa!" walisema Gramu, mchora mabango, mafundi wote wawili na, kwa sababu alikuwa ameshaelewa, mama wa mapacha.

"Nakwenda kusoma, siendi kupima," Mama alisema bila kugeuka. "Hiyo haihesabiki." Alivua tepu, akamvisha binti wa mwenye ovaroli shingoni, akachukua simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Kisha akamwambia baba, "Imekwambia ugeuze tepu, mbona hujageuza?" na akajisogezea nafasi kwenye benchi, akakaa.