Donatien Alivyoulegezea Mwanga Njia

Katika mtaa wote wa Alunguli, hapa Kindu, hapakuwa na mtu wa kufunga mzigo kama Donatien. Miaka ya vita, magari yalipobaki kitu cha kusimuliwa tu, yeye alikuwa akisukuma kinga, hizi baiskeli zetu za mizigo, kutoka Kindu mpaka mji wa Kama. Anakwenda na chumvi na sabuni, anarudi na mafuta ya mawese. Matope magotini, wenye bunduki kwenye kila daraja. Mzigo ukilegea njiani, unasimama kuufunga upya, wenzako wanakuacha. Na aliyeachwa peke yake katika msitu ule, watu hawakupenda kuuliza ameishia wapi. Ndiyo maana Donatien alikata mpira wa ndani wa gurudumu kuwa mikanda myembamba, akawa anaikaza kwa meno na goti mpaka dumu lenyewe linabonyea. Vita vilimwacha mzima, lakini mikono yake ilibaki na imani moja: kisichokazwa kimepotea.

Basi nywele zikaota mvi, na siku moja uzi wa kioo ukaingia Kindu. Fibra, wanauita. Waya mweusi tu ukiutazama, lakini ndani yake kuna kioo chembamba kama unywele, na ndani ya unywele huo mwanga unakimbia na sauti za watu na picha zao. Donatien aliposikia hivyo alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Akapewa, yeye na kikosi cha watu wa mtaani: waushikize waya kwenye nguzo za Alunguli.

Enjenia wao alikuwa Josiane, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka. Aliwaambia wazi: kipande cha Alunguli kikipita mtihani, kikosi hikihiki kitaupeleka waya hadi Kama. Kisipopita, kampuni italeta watu wengine.

Kama! Barabara ileile! Donatien aliitaka barabara hiyo kama kijana anavyotaka mke. Aipite tena kwa miguu yake, safari hii bila kugeuka nyuma kila jani likitikisika, akipeleka mwanga. Aliimba jambo hilo nyumbani mpaka mkewe Victorine akachoka, akamwita kwa jina la mtoto wao:

"Baba Falone, hiyo Kama utaifikisha ndani ya sahani ya watu sasa. Kula kwanza."

Siku ya kupima, watu walijaa chini ya nguzo ya mwisho kama wanangoja bibi harusi. Josiane akatuma mwanga, mmweko baada ya mmweko, polepole: ukapita. Akaongeza kasi: ukapita, watu wakapiga vigelegele. Lakini jua lilipopanda na mabati kuanza kulia kwa joto, mashine yake ya kupimia ikajaa alama nyekundu. Maneno yalitoka mwanzo wa waya yakiwa mazima, yakafika mwisho yamevurugika.

Josiane akainua macho kwenye nguzo. Kila mahali vishikio vya kampuni vilipokuwa, juu yake palikuwa na mkanda mweusi wa mpira, umekazwa kwelikweli.

"Hii ni nini?"

"Hiyo njo nguvu, binti yangu," Donatien akajibu, kifua mbele. "Vile vishikio vyenu vinaacha waya unacheza. Nimeufunga mimi. Hata tembo hautoi."

"Papa Donatien, tembo hatumtaki. Umeunyonga!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Barabara ya Kama ilikuwa inamponyoka mbele ya macho ya watu, tena kwa mikono yake mwenyewe.

"Waya haukukatika," akasema. "Mwanga unapita. Sasa kosa liko wapi?"

Josiane akamwomba Yannick, dereva wa pikipiki, miwani yake ya jua, ile inayokata mwako wa mto. Akawasha simu, akashika miwani mbele ya kioo cha simu, akaigeuza taratibu. Kioo kikawa cheusi tititi.

"Umezima!" Yannick akaruka.

"Sijazima. Mwanga unatikisika unapokwenda. Huu wa simu unatikisika upande mmoja, na miwani inapitisha upande mwingine tu. Huo upande wa kutikisika, sisi tunauita polarisasio."

Kisha akachukua bilauri ya plastiki angavu, akaiweka katikati ya simu na miwani. Loo! Ndani ya weusi ule zikatokea rangi: nyekundu, kijani, zambarau. Akampa Donatien mkanda wake mwenyewe wa mpira. "Ikaze bilauri hii."

Donatien akaikaza. Rangi zikakimbia, zikajikunja, zikasongamana palepale mpira ulipobana. Akalegeza, zikarudi. Akakaza tena. Mzee mzima alikuwa anapiga miguu chini kama amekanyaga siafu.

"Ninaona! Ninaona ninapobana! Victorine, njoo uone nguvu yangu ina rangi!"

"Hivyo ndivyo kioo cha ndani kinavyoumia," Josiane akasema. "Katika fibra mwanga unakwenda na mitikisiko miwili, mmoja juu na chini, mwingine ubavuni. Ukibana kioo, mmoja unachelewa. Mmweko mmoja unafika vipande viwili, unakuwa mrefu, unamkanyaga jirani yake. Tukituma polepole kuna nafasi, haidhuru. Tukituma mbio, mimweko inachanganyika. Na jua likiwaka, waya unavimba ndani ya mikanda yako, unabanwa zaidi."

Donatien akatazama mikanda yake kule juu. "Lakini nikilegeza, upepo utaupiga."

Hapo Victorine, aliyekuwa amesogea kuziona rangi, akamgeukia. "Wewe, watoto wetu wote mimi nilibeba mgongoni. Uliona hata mmoja nimemfunga kama dumu la mawese? Nguo inashika mutoto, haimunyimi pumzi. Na hakuna aliyeanguka."

"Mama amemaliza," akasema Josiane. "Vishikio vyetu vimetengenezwa vivyo hivyo."

Donatien hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alipanda ngazi na kisu, akakata mkanda wa kwanza, yeye mwenyewe, huku watu wa chini wakimtania: "Papa, tembo ametoroka!" Akacheka sasa. Kikosi kikamfuata nguzo kwa nguzo, mikanda ikianguka kama nyoka waliokufa, na kila kishikio akakipitishia kidole chini yake kuhakikisha waya unapumua. Josiane naye hakutaka hata mkanda mmoja ubaki. Alipanda hadi juu, akarudi chini, akapanda tena.

Kesho yake wakapima upya. Walingoja jua lifike utosini kabisa, mabati yalie. Josiane akaongeza kasi. Mashine ikabaki kijani. Akaongeza tena. Kijani. Watu hawakupumua. Donatien alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, midomo ikicheza bila sauti.

"Imepita," Josiane akasema. "Hakuna neno lililopotea."

Kelele iliyotoka pale, kuku wa mtaa mzima walikimbia. Victorine alirusha kitambaa chake juu. Yannick akapiga honi mpaka akakatazwa.

"Na Kama?" Donatien akauliza.

"Barabara ya Kama ni yenu. Juma lijalo tunaanza, Papa."

Alipogeuka kukusanya vyombo, Josiane akasikia watu wanaangua kicheko. Donatien alikuwa ameshabeba ngazi begani, anakwenda zake upande wa mashariki, kwenye barabara ya Kama.

"Papa! Nimesema juma lijalo!"

"Nimesikia, binti yangu," akajibu bila kusimama. "Ninakwenda kuchagua mahali pa nguzo ya kwanza."