Hadithi Iliyofungiwa Karanga

Harufu ya karanga zinazokaangwa hunipandisha hasira mpaka leo, na watu hudhani nazichukia karanga. Nazipenda sana. Ninachokasirikia ni kiangazi kimoja cha utotoni, miaka michache baada ya uhuru, wakati wazee wetu walikuwa bado wakiuita mji Usumbura na sisi watoto tukiwasahihisha kwa majivuno kwa jina lake jipya. Mama mkubwa, aliyenilea, aliuza karanga kwenye baraza la duka la vitambaa huko mtaa wa Asiatique. Kando yake alikaa fundi Ramazani na cherehani yake, na vumbi la Julai lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya ulimi.

Siku ya kufunga shule, mwalimu wetu alituuliza tutafanya nini likizoni. Nikasimama, nikasema nitaandika hadithi ndefu, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili. Alicheka mpaka akavua miwani. Kiswahili, akasema kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi, ni lugha ya kununulia ndizi, hakiandikwi. Darasa zima likacheka naye, wakiwemo watoto ambao mama zao waliwabembeleza kwa lugha hiyohiyo. Nilirudi nyumbani nimejaa ghadhabu, na ghadhabu hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi. Mwenye duka, mzee wa Kiarabu, alinipa karatasi za kaki zilizofungia majora ya vitambaa. Nikakaa nyuma ya kikaango, nikaandika habari za bibi harusi wa Uvira aliyefika kwenye daraja la mto Ruzizi, mpakani, akaketi chini na kukataa kuvuka. Zilikuwepo siku ambazo sentensi haikuja hata kwa kubembelezwa. Nikiikumbuka ile miwani mkononi mwa mwalimu, ilikuja.

Alasiri moja nilitumwa maji. Niliporudi, karatasi zangu zilizoandikwa hazikuwepo. Mama mkubwa alikuwa amezikata, amezisokota, amezifungia karanga, na wateja walikwisha kwenda nazo. Zile tupu alizipanga vizuri na kuziwekea jiwe zisipeperuke.

"Ile safi nilikuachia, mutoto wangu," alisema, akishangaa ninavyolia. "Nilikamata tu yenye imeisha kuandikwa."

Kwake, na kwa wauza karanga wote wa mji ule, karatasi iliyoandikwa ilikuwa imemaliza kazi yake. Alidhani amenitendea wema! Nilikipiga teke kikapu chake cha karanga, nikaapa sitashika kalamu tena, na lile teke silijutii.

Kesho yake fundi Ramazani aliniita, ameshika karatasi iliyolowa mafuta.

"We mutoto, ule bibi harusi alivuka daraja ao apana?"

Nikamwambia sijui, nimeacha kuandika. Akasimamisha cherehani, akanikasirikia kwelikweli.

"Umeacha namna gani? Mi nimemuacha pale chini kwenye jua tangu jana!"

Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ugomvi ule. Nikaanza upya. Kila jioni nilimsomea nilichoandika, kisha nikakinakili vizuri, na ile karatasi ya kwanza yenye mikwaruzo nikampa mama mkubwa afungie karanga, safari hii kwa ruhusa yangu. Kabla shule hazijafunguliwa, bibi harusi alisimama, akajikung'uta vumbi, akarudi kwao Uvira. Fundi Ramazani alinuna siku nzima.

Wiki hiyo mwalimu alipita barazani, akanunua karanga. Hakunitambua, au hakutaka. Nilimwona akienda polepole, amepinda kichwa, akisoma ubavuni mwa karatasi. Punde akarudi. Karanga zake zilikuwa bado zimejaa. Akamwomba mama mkubwa amfungie nyingine kwenye karatasi kama ile, akazimimina za kwanza mfukoni mwa koti, akaikunjua karatasi, akailainisha kwa kiganja na kuitia ndani ya kitabu chake. Niliutambua mwandiko wangu, nikafurahi. Shule ilipofunguliwa nilimpelekea hadithi nzima. Hakuisoma hata mstari. Aliirudisha mezani kwangu kwa ncha za vidole, akaliambia darasa tena kwamba Kiswahili hakiandikwi.

Leo vijana huniuliza wafanye nini wasikate tamaa ya kuandika, wakitarajia maneno matamu kuhusu subira. Sina. Kwenye lile baraza sasa wanauza simu, karatasi ni nyeupe na tele, fundi Ramazani na mama mkubwa wamekwisha tangulia, lakini mabwana wenye tai bado husimama mikutanoni kutueleza kwamba Kiswahili chetu cha huku hakina wasomaji. Zamani nilibishana nao. Siku hizi namkumbuka tu mwalimu wangu aliyerudi na karanga zake zimejaa, nami naondoka kabla hawajamaliza, nakwenda nyumbani kuandika.