Nani Anakata Manyoya ya Coton?

Émilienne iko mwanamuke mwenye wivu. Nasema iko, sisemi alikuwa, sababu wivu si malaria, mutu hamezi kidonge akapona. Alikuwa jirani yangu hapa Bunia, mushonaji wa nguo, mutoto wa wakulima wa Djugu. Unamupelekea kitenge asubuhi, mangaribi unavaa. Lakini bwana yake Marcellin akichelewa kidogo tu, mashine ya kushona inanyamaza na Émilienne anasimama kwa mulango yangu: «Kahindo, umemuona wapi?» Mimi niko na mikate yangu ndani ya mafuta ya moto, ningemuona wapi? Kweli, wivu ile ilinichokesha.

Kisha akaja mbwa. Marcellin alikuwa anachunga magazini, duka kubwa ya Mugiriki mumoja. Vita ilipokaribia, Mugiriki akapanda ndege, akamuachia funguo na mbwa. Mbwa gani! Mama yake caniche, mbwa wa Wazungu wa manyoya mengi, baba yake limbwa la kuwinda, na kilichozaliwa pale kilikuwa na urefu ya mbuzi na manyoya ya kujikunja mwili muzima. Jina yake Coton. Mugiriki alisema manyoya ile haianguki yenyewe kama ya mbwa wetu, inakua tu. Usipokata, inafunika macho, inafungana mafundo kwenye makwapa, na ngozi inaoza chini yake.

Avenue nzima ilicheka. Watu wanakimbia vijiji vyao, na Marcellin iko na mbwa wa kupeleka kwa coiffeur! «Nitamunyoa mimi mwenyewe, kule magazini,» alisema. Basi, kila manyoya ilipozidi, siku ya yenga, watu wakienda kanisani, Marcellin alitoka na Coton, na mangaribi Coton alirudi amependeza kuliko siye wote: mwili fupi na sawasawa, masikio imechanuliwa, nyayo za mviringo, macho wazi.

Mwanzo Émilienne alifurahi. Siku moja akamuita mbwa, akapitisha vidole nyuma ya sikio, na uso yake ikabadilika.

«Kahindo, kuja uone. Mukasi hii ilishikwa na mukono ya kushoto.»

«Unajua namna gani?»

«Mimi nakata vitambaa tangu utoto. Angalia vile manyoya imelala. Marcellin anatumika na mukono ya kuume. Tena tazama huku chini: mutu alitoa manyoya hata katikati ya vidole. Marcellin ule, hata kucha zake mwenyewe anakataka na meno! Hapa iko mukono ya mwanamuke, na mwanamuke mwenye subira.»

Nikamwambia pengine ni coiffeur tu. «Basi anamuficha juu ya nini?» Nikarudi kwa mikate yangu.

Émilienne hakumugombeza bwana yake. Aliazimia kumunyoa Coton nyumbani, ili Marcellin akose sababu ya kutoka. Alimuosha ndani ya bassine, akamupangusa, akamuchanua mupaka mwisho. Mafundo ya makwapa aliyapasua na mukasi polepole, akayafungua kwa vidole. Tuliazima mashine ya kunyolea kwa kinyozi wa avenue, ile ya kufinya na mukono, Émilienne akapita nayo mugongo na tumbo. Kwa kichwa alitumia mukasi, na kila mara alitia chanuo katikati ya ngozi na mukasi, asimukate. Kazi aliijua. Kilichomuumiza ni Coton mwenyewe. Tulipotandika tu kitambaa juu ya meza, mbwa alipanda bila kuitwa, akalala ubavu, akatoa muguu mumoja, kisha wa pili, kisha akaweka kidevu juu ya kiganja cha Émilienne na kufunga macho.

«Unaona? Unaona vile wamemuzoeza? Kumbe huko kunakuwaka starehe namna hii!» Alilia huku anakata, na mutu anayelia hakati sawa. Ubavu mumoja ulibaki mashimo mashimo.

Marcellin aliporudi, hakuuliza bibi yake analia nini. Aliuliza, «Nani ameharibu mbwa yangu?» Kesho yake akatoka naye, wakarudi mashimo yote imesawazishwa. Yo! Ningekuwa mimi, mashimo ingekuwa kwenye kichwa ya Marcellin.

Mwaka wa 2003, mwezi wa tano, masasi ya bunduki ikalia ndani ya mji. Marcellin alikuwa ametoka kuangalia magazini. Avenue yote ilibeba magodoro kukimbilia upande wa aeroport. Mimi nilikuwa nimekwisha funga mutumba yangu. Émilienne alikaa kwenye kiti.

«Simama, twende!»

«Nikitoka, akija akinikosa, atamukimbilia ule mwanamuke.»

«Émilienne, watu wanakufa!»

«Namungojea bwana yangu hapa.»

Nilimutukana matusi ambayo siwezi kuandika hapa, mimi mutu wa kanisa. Lakini ningemuacha namna gani? Tuliingia chini ya kitanda, yeye, mimi, na Coton katikati, tukalala mule na njaa. Asubuhi masasi ilipotulia kidogo, alimufungua mbwa kamba. «Twende. Unionyeshe fasi bwana yangu iko.»

Coton alitupitisha nyuma ya nyumba na parsele za watu mupaka mutaa wa Bigo, akasimama mbele ya kanyumba kenye kibao cha kusuka nywele, akakwaruza mulango. Aliyefungua ni musichana mwembamba, nywele imesukwa nusu, ameshika mukasi kwa kujikinga. Mukono ya kushoto. Aliangalia nyuma yetu.

«Marcellin iko wapi?»

«Nilikuja kukuuliza weye,» Émilienne akasema. «Mimi ni bibi yake.»

Musichana, jina yake Arielle, alikaa chini pale pale mulangoni. «Bibi yake? Aliniambia bibi yake alikufia Djugu.»

«Basi ule maiti ndiye mimi.»

«Nimekesha namungojea. Nilisema pengine iko na mwanamuke mwingine.»

Émilienne alinyoosha mukono. Mupaka leo sijui alitaka kumupiga ao kumuinua, sababu masasi ililia tena na mimi niliwasukuma wote wawili. «Mutapigana mbele! Sasa mukimbie!»

Usifikiri walipendana. Kule kambini, kando ya aeroport, tulipewa bâche moja, turubai ya plastiki, tukalala chini yake siye watatu na mbwa, na kila kukicha walikuwa na ugomvi. Walinuniana juu ya moto, juu ya bassine, juu ya nani analala karibu na Coton. Kila mumoja aliamini mwenzake anajua Marcellin iko wapi na anaficha.

Mvua ikamufanya Coton matope na mafundo. Arielle akatoa mukasi. Émilienne akaona vile mbwa anasinzia kwenye magoti ya mwenzake, wivu ikapanda. «Mutazame! Hata mbwa!» Akadai haki yake: Arielle akate ubavu wa kushoto, yeye wa kuume. Wakakaa hivyo, mumoja huku, mwingine kule, hawasemezani isipokuwa «shika kichwa» na «usimuvute sikio». Watu wa kambi walikuja kutazama, wakacheka. Muda murefu sikuwa nimesikia mutu akicheka.

Siku moja wakiwa katika kazi ile, Marcellin akatokea. Alishuka kwa lori la kutoka Beni, shati safi, mashavu imejaa. Akasimama kutuangalia, na uso yake ikawa ile niliyoizoea kwa bibi yake miaka yote.

«Nani amewaruhusu kumukata mbwa yangu pamoja? Munakaa hapa munasema nini juu yangu?»

Émilienne hakuacha mukasi. «Masasi ilipoanza, ulipita wapi kwanza? Kwangu ao kwa huyu?»

«Lori ilikuwa inatoka pale pale magazini... watu walikuwa wanapanda...»

«Nakuuliza ulipita wapi.»

«Nilipita nyumbani. Nilikuta mulango imefungwa, hakuna mutu.»

«Nilikuwa ndani. Kahindo naye alikuwa ndani. Chini ya kitanda. Hakuna mutu aliyepiga hodi.»

Marcellin akamugeukia Arielle. Arielle akatikisa kichwa. «Hata mimi nilikuwa ndani.»

Émilienne akacheka, kicheko kibaya.

«Miaka hii yote nilikuwa natafuta mutu unayemupenda kunipita mimi. Nikamuona huyu dada, nikamuchukia mupaka nikakosa usingizi. Kumbe si yeye. Ni weye. Unajipenda weye mwenyewe, Marcellin, na siye wawili tulikuwa tunagombania makombo.»

Marcellin aliangalia chini, akaangalia lori, kisha akauliza atalala wapi.

Arielle alishika kidevu cha Coton, akakiinua kidogo, na Émilienne akaanza sikio la pili.