Mukau Wangu Ulioishinda Yote

Nichekeni tu, nimezoea. Sisi akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tulipanda miti ya kwetu katika shimo kubwa lililochimbwa murram, ile changarawe ya barabara, hapa Mbumbuni. Nikapanda mche wangu wa mukau, nikaenda zangu. Mvua iliponyesha nikarudi, nikaukuta umechipuka kuliko yote! Nilitamba soko zima.

Jana chifu akaja kukagua.

“Ni mkono wangu, chifu!” nikasema, nimejishika kiuno.

Susu, nyanya yangu, akainama kutazama majani.

“Mwanakwa, huu si mukau. Ni kile kijiti kibichi nilichochomeka hapa kumfungia mbuzi siku mliyopanda.”

“Na mukau wangu?”

“Mbuzi aliula siku hiyo hiyo.”

“Basi tumpigie mbuzi makofi,” chifu akasema.

Akina mama wenzangu wakapiga, tena kwa nguvu.